Mwongozo kamili: kupanga na kubuni paneli ya mbele ya moduli ya sintesaiza, kuanzia vipimo mpaka nati ya mwisho

Malalamiko ni yaleyale. Paneli imefika, inang'aa, halafu soketi haziingii. Au zinaingia ila bodi ya nyuma inagonga reli za kesi, au kila kitu kimekaa poa kabisa ila ukishachomeka kebo nne huwezi tena kushika nobu hata moja. Ukiuliza mtu alianzaje, utasikia alianza na muonekano: alifungua programu, akachagua fonti kali na rangi, alafu matundu akayaweka pale palipobaki nafasi.

Geuza huo utaratibu. Anza na vipande vikiwa mkononi, vifuate vidole na kebo, kisha bodi ya sakiti, na urembo uje mwisho kabisa. Hatua hapa chini zinaenda hivyo na ile ya karatasi ndo watu wanairuka, ndo maana nimeiandika kwa urefu.

Vipimo vyote humu ni vya Eurorack ya 3U, yaani mfumo wa moduli za sintesaiza zinazofungwa bega kwa bega kwenye reli za kesi (3U ni kipimo cha urefu wake), maana ndo wengi wanatengeneza. Ukiwa kwenye mfumo mwingine mantiki ni ileile, badilisha namba tu.

Vitu vya kuwa navyo

- Vipande halisi utakavyotumia: soketi za milimita 3.5, potenshiometa, swichi, taa za LED, nobu, pamoja na nati na washa zake. Halisi kabisa, siyo picha
- Kalipa ya kidijitali, rula peke yake haitoshi
- Kebo za kuchomeka zisizopungua sita, na ziwe zile nene kuliko zote ulizonazo
- Programu ya kuchora kwa vekta kama Inkscape, au KiCad (ya kuchorea bodi za sakiti) kama paneli yako itakuwa ya FR4, yaani ile malighafi ya bodi za sakiti
- Printa, karatasi, kadibodi ngumu, gundi, kisu chenye makali
- Kama utatoboa mwenyewe: drili (ya kusimama ni bora zaidi), biti ndogo ya milimita 2 au 3, biti ya ngazi, senta panchi, tupa, msasa, jiliwa au vibano, kipande cha mbao na miwani ya kukinga macho

Hatua ya 1: Pima kila kipande, usiamini jina lake

Soketi mbili zinaweza kufanana kwa macho na zikatofautiana mguuni au kwenye uzi wa nati. Kwa hiyo chukua kalipa, pima kipenyo cha sehemu yenye uzi, pima nati kwa nje, pima upana na urefu wa mwili, alafu andika.

Namba utakazokutana nazo mara nyingi ni hizi. Soketi za wima za aina ya PJ398SM zina uzi wa milimita 6, tundu lake liwe 6.2 mpaka 6.3. Potenshiometa ndogo za milimita 9 za Alpha zina uzi wa 7, tundu liwe 7.2 hivi. LED ya milimita 3 inataka 3.1 au 3.2. Swichi za kupinda (toggle) ndo zinazosumbua maana ziko za saizi zaidi ya moja, nyingine uzi wake unakaribia 5 na nyingine unazidi 6, hapo pima tu hakuna njia nyingine.

Kwa nini uongeze hizo pointi mbili, yaani milimita 0.2? Kwa sababu bodi moja inaweza kubeba soketi nane na potenshiometa nne, na zote lazima zipite kwenye matundu kwa wakati mmoja. Kila moja ikiwa imeinama kidogo tu kwenye lehemu, tundu lililobana litakataa. Na kama paneli itapigwa rangi baada ya kutobolewa, ongeza kidogo tena, rangi ya unga inakula nafasi ndani ya tundu pande zote.

Onyo: katikati ya tundu la soketi siyo katikati ya mwili wake. Kwenye PJ398SM mguu wa graundi uko mbali zaidi na kitovu kuliko mguu unaogusa ncha ya plagi. Ukichora mstatili na kuweka duara katikati yake umeshapotea kabla hujaanza.

Umefaulu kama: una karatasi yenye kila kipande, kipenyo cha tundu, kipenyo cha nati, na umbali kutoka kitovu cha tundu mpaka kila upande wa mwili.

Hatua ya 2: Chora paneli tupu

Urefu ni milimita 128.5. Upana unahesabiwa kwa HP (horizontal pitch, kipimo cha upana cha Eurorack), na HP moja ni milimita 5.08. Hapa ndo wengi wanaumia: wanazidisha 8 mara 5.08, wanapata 40.64, wanachora hivyo hivyo, matokeo yake moduli zikikaa bega kwa bega kwenye kesi, ya mwisho haiingii. Paneli inatakiwa iwe nyembamba kidogo kuliko hesabu. Kwenye vipimo vya Doepfer, kampuni iliyoanzisha Eurorack, HP 4 ni milimita 20.0, HP 6 ni 30.0, HP 8 ni 40.3, HP 10 ni 50.5, HP 12 ni 60.6, HP 16 ni 80.9. Tumia hizo.

Matundu ya skrubu za M3 ni ya kipenyo cha 3.2, kitovu kikae milimita 3 kutoka ukingo wa juu na wa chini, yaani umbali wa wima kati yake ni 122.5. Tundu la kwanza liko 7.5 kutoka kushoto. La upande wa kulia unalipata kwa kutoa 3 kwenye HP, kuzidisha kwa 5.08, kisha kujumlisha 7.5, kwa mfano paneli ya HP 8 ni 7.5 jumlisha 25.4, unapata 32.9. Paneli nyembamba inashika vizuri kwa skrubu mbili tu. Mimi matundu haya nayafanya ya mviringo mrefu kwa ulalo, maana reli zenye nati za kuteleza hazina shida ila zile zenye matundu ya kudumu zina roho mbaya.

Sasa chora mistari miwili ya kukataza, milimita 10 kutoka juu na 10 kutoka chini. Nyuma ya hapo kuna reli. Bodi iliyolala sambamba na paneli isizidi urefu wa milimita 108, na mwili wa kipande chochote usivuke hiyo mistari. Kwa soketi nilizotaja, mguu wa graundi ukielekea ukingoni, kitovu cha tundu kikae kama 17 kutoka ukingoni. Ndiyo, unapoteza nafasi, hakuna namna.

Umefaulu kama: una mstatili wenye matundu ya skrubu na mistari miwili ya reli, na umeuweka kwenye leya yake na kuifunga usije ukaisogeza kwa bahati mbaya.

Hatua ya 3: Panga nobu na soketi

Usifikirie herufi bado. Weka maduara tu, na kila kipande kiwe na maduara mawili: tundu lenyewe, na nafasi kinayochukua mbele. Kwa soketi hiyo nafasi ni unene wa plagi ya kebo, siyo nati. Kwa potenshiometa ni nobu pamoja na vidole.

Soketi chini, nobu juu. Kebo zinaning'inia kuelekea chini, ukiweka soketi juu ya nobu kila kebo itapita mbele ya kitu unachotaka kukizungusha. Wako wanaopanga kwa mtiririko wa ishara, vinavyoingia kushoto na vinavyotoka kulia, nayo inaeleweka vizuri kwenye moduli pana. Kwenye HP 8 kushuka chini hunogi nayo, huna upana wa kutosha.

Kati ya kitovu cha soketi na kingine 12 ndo mwisho wa kubana, na hapo kebo zenye plagi nene zitaanza kusukumana. 12.7 inakaa vizuri, 14 ni raha. Chukua HP 8 tena: weka safu ya kati kwenye 20.15, ya kushoto 7.45, ya kulia 32.85. Hizo ni soketi tatu kwa upana, na jirani mwenye mpangilio kama wako atakuwa na soketi yake umbali wa kama 15 kutoka yako, kwa hiyo hamgombani. Huo ukingo watu wanausahau, wanapanga kana kwamba moduli itaishi peke yake kwenye kesi.

Nobu zenye kipenyo cha milimita 12 zinataka vitovu viachane kama 20 ili kidole gumba na cha shahada vipite. 15 inawezekana ila utakuwa unagusa ya pembeni kila mara, na ukiwa unapiga mbele ya watu utaichukia moduli yako mwenyewe. Nobu inayoguswa sana, kama ya tuni au ya kata ya filta (cutoff), iwe kubwa na iwe na hewa. Zile unazoweka mara moja na kusahau ziwe ndogo. Usawa wa saizi unapendeza kwenye picha tu, gizani unataka mkono ujue uko wapi bila macho.

Alafu kila soketi ya kudhibiti ikae kwenye mstari mmoja wima na nobu yake. Nobu ya kina cha FM (kuyumbisha masafa kwa ishara nyingine) iko kushoto, soketi ya FM iwe kushoto. Ukilazimika kuivuka hiyo sheria basi chora mstari wa kuunganisha.

Onyo: ukiona vipande haviingii, ongeza HP. Mbili zaidi hazimuui mtu. Moduli iliyobanwa ikishindikana kutumika haijaokoa nafasi, imekula yote.

Umefaulu kama: hakuna duara la nafasi linalogusa jingine, na ukifumba macho unaweza kusema nobu kubwa iko wapi.

Hatua ya 4: Jaribio la karatasi

Hii haina mjadala. Chora mstari wa milimita 100 pembeni ya paneli, printi kwa asilimia 100, zima ile sehemu ya printa inayojitosheleza kwenye ukurasa, alafu pima mstari kwa kalipa. Ukiwa 97 au 94, printa imekudanganya, rudi kwenye mipangilio.

Mstari ukitoka sawa kwenye programu moja ila faili ikaharibika ulipoipeleka kwenye nyingine, angalia urefu wa paneli, namba yenyewe itakwambia kosa. Paneli ya 128.5 ikisoma 171.3 maana yake faili ilichorwa kwa nukta 96 kwa inchi na programu ya pili imeisoma kwa 72. Ikisoma 96.4 ni kinyume chake. Ikisoma 120.5 ni faili ya Inkscape ya zamani, kabla ya toleo la 0.92 ilikuwa inatumia 90. Usikuze kwa jicho mpaka ionekane sawa, weka vipimo vya ukurasa kwa milimita na uingize faili upya.

Ikishakuwa sahihi gundisha karatasi kwenye kadibodi, kata, toboa matundu, na uweke vipande vyote pamoja na nobu. Funga nati. Sasa chomeka kebo zote, ndiyo zote kwa pamoja, simamisha kadibodi kama itakavyokaa kwenye kesi na uzungushe kila nobu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sogeza kila swichi. Angalia nyuma pia, miili ya vipande isigusane.

Mwite mtu mwingine aishike, na usimweleze chochote. Mahali mkono wake utakaposita ndo pa kurekebisha.

Umefaulu kama: umezungusha kila kitu na kebo zote zikiwa ndani bila kuchomoa hata moja. Kama ulilazimika kusogeza kebo pembeni kwa kidole, hujafaulu, rudi hatua ya 3. Karatasi ni bei rahisi kuliko chochote kinachofuata.

Hatua ya 5: Funga vipimo kwenye bodi

Vitovu vya matundu sasa ndo vinaamuru bodi ya sakiti, siyo bodi iamuru paneli. Andika kila kitovu kwa X na Y kutoka kona moja, na kona hiyohiyo itumike kwenye faili zote mbili. Kama bodi unayo tayari, basi toa vitovu kwenye faili yake, usivipime kwa rula juu ya lehemu.

Onyo la kioo: vipande vikiwa upande wa mbele wa bodi, ukiiangalia bodi kutoka mbele unaona mpangilio uleule wa paneli. Ukiwa umeviweka kwenye leya ya nyuma kila kitu kinageuka kushoto kwenda kulia. Njia ya kukamata hili ni kuprinti zote mbili, kuzilaza moja juu ya nyingine na kuzishikilia kwenye dirisha lenye mwanga. Paneli yenye ulinganifu itakudanganya hapa, kwa hiyo tafuta kitu kisicho na pacha, swichi au LED moja, ukifuate hicho.

Hatua ya 6: Maandishi na alama

Sasa ndo wakati wa urembo, ila usome kwanza.

Jina la soketi liwe juu yake. Likiwa chini kebo italificha. Jina la nobu linaweza kukaa juu au chini, mradi nobu pana isilimeze, kwa hiyo tumia kipenyo cha nobu ulichopima na siyo cha tundu.

Herufi zisipungue milimita 2 kwa urefu, na ziwe nene kiasi, bila mikia. Viwanda vya bodi vinaweza kuchapa herufi za milimita 1 na mistari ya 0.15, ila kuweza kuchapwa na kuweza kusomeka ukiwa umesimama ni vitu viwili tofauti. Nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya rangi ya alumini zinasomeka. Kijivu juu ya kijivu kinapendwa sana na watu wanaopiga picha za moduli.

Soketi za kutoa sauti zizungushie kisanduku kilichojaa rangi na herufi ziwe wazi ndani yake. Ukichomeka tokeo kwenye tokeo kwa kawaida haliungui kitu, lakini utapoteza muda ukitafuta kwa nini hakuna sauti.

Alama za kuzunguka nobu: potenshiometa nyingi zinazunguka nyuzi 300, yaani kuanzia mshale unapoelekea namba 7 ya saa ya ukutani mpaka namba 5. Ukitaka 0 mpaka 10 weka alama moja kila nyuzi 30, ya 5 itaangukia juu kabisa. Yako ikizunguka 270 au 280 gawa upya. Nobu inayopunguza na kugeuza ishara haitaki 0 mpaka 10, inataka 0 juu katikati, alama ya kutoa kushoto na ya kujumlisha kulia. Ukisahau hiyo mtumiaji ataamini moduli ni mbovu.

Umefaulu kama: umeprinti tena, umeiweka ukutani, umerudi nyuma hatua mbili na kila neno bado linasomeka.

Hatua ya 7: Chagua malighafi na uandae faili

FR4 ya milimita 1.6 ndo nafuu kwa mtu anayeanza, na kiwanda kinakutobolea. Maandishi yanakaa kwenye silkskrini (leya ya wino), ukifungua soldamaski (ile rangi inayofunika bodi) juu ya shaba unapata herufi za dhahabu au fedha kutegemea umaliziaji, na ukitoa shaba na soldamaski pande zote mbili mwanga wa LED unapenya. Matundu yawe yasiyo na shaba ndani. Jaza shaba upande wa nyuma na iunganishwe na graundi kupunguza muungurumo, ila hakikisha hakuna mguu wa kipande unaoweza kuigusa. Viwanda vingine huchapa namba ya oda popote vinapotaka, kwa hiyo elekeza ikae nyuma.

Alumini ya milimita 2 ni ngumu zaidi na inajiunga na graundi yenyewe kupitia soketi. Akriliki ya 3 inapendeza lakini inapasuka ukikaza nati kwa hasira, na kwa unene huo uzi wa soketi fupi unaweza usibakie wa kushika nati. Pima kabla.

Kabla ya kutuma geuza maandishi yote yawe njia za vekta. Usipofanya hivyo kompyuta ya kiwanda ikikosa fonti yako itaweka ya kwake. Alafu fungua faili za mwisho kwenye programu nyingine ya kuangalia Gerber (aina ya faili ambazo kiwanda cha bodi kinasoma), usiangalie kwenye ileile uliyochorea.

Hatua ya 8: Ukitoboa mwenyewe

Bandika karatasi ya hatua ya 4 juu ya alumini, gonga kila kitovu kwa senta panchi. Bila hicho kishimo biti itatembea na tundu litahama nusu milimita, na nusu milimita hapa ni nyingi.

Bana paneli juu ya mbao. Usiishike kwa mkono kamwe, biti ikinasa inaizungusha kama panga. Anza na biti ya 2 au 3 kwa kila tundu, weka tone la mafuta, kisha panua kwa biti ya ngazi taratibu na usimame ngazi moja kabla, jaribu kipande, ndo uendelee. Ondoa makali pande zote mbili, la sivyo nati haitakaa sawa.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Usilehemu kwanza. Ingiza vipande kwenye bodi vikiwa vimelegea, shusha paneli juu yake, funga nati zote kwa mkono, LED zisukume mpaka zitokeze unavyotaka, na ndipo ulehemu mguu mmoja wa kila kipande. Angalia kama bodi iko sambamba na paneli kote. Ikiwa imeinama pasha moto huo mguu mmoja uisawazishe, kisha malizia miguu iliyobaki. Ukilehemu kabla ya kuvalisha paneli kila soketi itaelekea upande wake na zile pointi mbili za ziada za hatua ya 1 hazitakuokoa.

Nati kaza kwa spana ya soketi au ya duara, siyo koleo. Koleo likiteleza mara moja linachora mstari mrefu katikati ya jina la moduli.

Umefaulu kama: paneli inatoka na kurudi kwa mkono bila kusukuma, moduli inaingia kati ya majirani wawili kwenye kesi bila kukwaruza, na skrubu zote zinashika uzi bila kupindishwa.